Masufuria Yako, Mashine Yangu

Shangazi Mize,

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipo. Leo ni Iddi. Nimepita kwako baada ya sala nikakusomea Fatiha, lakini makaburini kulikuwa na watu wengi, kila mtu na wake, na haya niliyo nayo si ya kunong'onezwa nimeinama huku watu wananipita mgongoni. Nimerudi nyumbani, nimevua kanzu, nimekaa barazani kwako na kalamu.

Jambo la kwanza: kanzu ni nyeupe. Magotini nyeupe, pindoni nyeupe. Nimeitundika kwenye kamba ya mbele, si kwa kuwa inataka kufuliwa, bali waione wanaopita. Unajua kwa nini nakwambia hivyo.

Iddi ya mwaka juzi ulikuwapo. Ndiyo mara ya kwanza kamati ya msikiti kunipa kiwanja cha kusalia nikikate majani kwa mashine yangu ya kukalia, na Mzee Shaame, mwenyekiti wao, alitoa sababu yake mbele ya watu: "Huyu kalelewa na Bi Mize. Kazi ya nyumba ile haina masizi." Masika yalikuwa yameshaanza, majani yamefika magotini, nami nikapanda mashine yangu kama waziri. Nilipofika katikati ya kiwanja ikaanza kutapika. Badala ya kurusha majani pembeni yakiwa yamekatikakatika, ikawa inaangusha mabonge, mabichi, yanachuruzika maji, moja hapa moja pale kama kinyesi cha ng'ombe. Niliyakokota kwa reki mpaka adhana ya magharibi ikanikuta na funga yangu. Asubuhi watu wakatandika misala juu ya yaliyobaki. Waliposujudu wakainuka, Wawi nzima ilikuwa na magoti ya kijani.

Kombo hakuniacha hata tumalize kupeana mikono. Kombo, yule mwenye kundi la wakata majani kwa fyekeo, aliyekuwa na kazi ya kiwanja kile kabla yangu. "Faki," akasema, "mwaka huu umetupikia mchicha!" Watu wakacheka. Hilo ningelimeza. Lililonikwama ni la mama mmoja upande wenu wa wanawake, aliyesema kwa sauti ya kusikika: "Na huyu si wa Bi Mize? Kumbe hata kusugua hakumfundisha!"

Ulimsikia. Ulijifunga buibui lako vizuri.

Nilipofika nyumbani nilikukuta uani, karibu na mashine. Uliinama na nguo zako za sikukuu mwilini, ukapenyeza mkono chini ya lile bati la chuma, ukapitisha kidole, ukakitoa, ukanionesha. Kijani kitupu, kizito kama kisamvu. Ukaingia jikoni, ukakoroga jivu kwa maji, ukaanza kupaka kitako cha sufuria la pilau ya wageni.

Nilikasirika, Shangazi. Kinyongo hicho sijakimaliza mpaka leo, na leo ni siku ya kukisema. Ungesema tu! Umenilea tangu utoto wangu na miaka yote hiyo ulizungumza nami kwa kidole.

Baba alinileta kwako kutoka Msuka sijang'oka hata jino la kwanza, kwa kuwa hukujaaliwa mtoto na ulimwomba kaka yako mmoja. Uliomba wa kike. Akakupa mimi. Ndugu zangu walibaki kule na skuli yao na bahari yao, mimi nikawa mtoto wa mpishi wa harusi, na mtoto wa mpishi wa harusi kazi yake ni masufuria. Lile kubwa kuliko yote tukiliita Bwana Harusi, kwa sababu bila lenyewe shughuli hailiki. Wenzangu walipita na mpira wao wa makaratasi wakanikuta nimeingia mwili mzima ndani ya Bwana Harusi, kumbi la nazi mkononi, miguu tu nje. "Mwari wa masizi! Utaolewa lini?" Nilikuwa nawasikia kwa mwangwi, mara mbilimbili.

Nawe ukija kukagua hukuuliza. Ulipindua sufuria, ukapitisha kidole kitakoni. Kikitoka cheusi ulinionesha na kusema, "Weye, nkono wako umesinzia." Kikitoka cheupe ulikwenda zako. Basi. Hakuna "ahsante mwanangu," hakuna "leo umefanya vyema." Ulikwenda zako kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha kitu kwingine.

Nilichokipata ni sheria moja. Hakuna sufuria la nyumba hii lililopanda mafigani bila ya kupakwa. Jivu lililochungwa kwa chekeche, maji kidogo, sabuni ya mche iliyokwanguliwa, mpaka liwe rojo. Unapaka kwa nje, chini na mbavuni, unaacha likauke. Kuni zikitema masizi, yanakaa juu ya jivu, sufuria hayaligusi. Ukiosha, vyote vinashuka pamoja. Mpishi asiyepaka alikuwa akisugua mpaka alasiri ya siku ya pili. Sisi adhuhuri tumeshamaliza, tumekaa.

Mengine yote nimejitengeneza mwenyewe, na sioni haya kulisema. Nilianza na fyekeo kando ya barabara ya kiwanja cha ndege. Nikapata mashine ya kusukuma iliyokuwa imetupwa, nikaifufua. Halafu ile hoteli ya upande wa kaskazini ilipofunga milango, nikachukua hii ya kukalia, haina kiti, kutu mpaka kwenye usukani. Hakuna aliyenishika mkono. Waliokuja walikuja kucheka, kwa kuwa mwanzo nilikalia ndoo.

Sasa wacha nikueleze lile la mabonge, maana ulipoondoka hata mimi nilikuwa sijalielewa.

Chini ya mashine, lile bati ulilopitisha kidole, mafundi wanaliita deki. Ni sufuria, Shangazi. Sufuria la chuma lililopinduliwa, visu vinazunguka ndani yake. Na visu vile havikati tu, vinavuma pia. Upepo wake unalinyanyua jani lisimame likatwe, kisha unalirusha nje kupitia mlango wa ubavuni. Upepo huo unataka nafasi. Majani mabichi yakigandia mle ndani, ukoko juu ya ukoko, nafasi inapungua. Unanijua kwa kupima. Ulikuwa ukinicheka kwamba napima hata chumvi. Basi nilipima. Ukoko ukifika unene wa kidole gumba, upepo umekufa. Jani linaangukia hapo hapo lilipokatwa, linakutana na wenzake, linakuwa bonge. Injini nayo inahangaika: tangi linalomaliza kiwanja cha skuli na kubakisha robo, deki likiziba halikimalizi. Na ule ukoko haukai bure. Unashika unyevu usiku kucha, na chuma kinaliwa taratibu kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Nilikuwa nasugua, si kwamba nilikuwa mvivu. Kila jioni nilikwangua mpaka vifundo vya mikono vinachubuka. Kwa mvua ya hapa kwetu, asubuhi ya pili yalirudi yale yale.

Halafu ukatutoka, vuli ndiyo kwanza inaanza.

Siku ya matanga nilikuwa nimekaa jamvini na wanaume, napokea mikono, nasema "ahsante, tumeshukuru," sijui hata namwambia nani. Uani walikuwa wanapika. Bi Saumu, mwenzio wa miaka yote kwenye mafiga, alikuwa analia tu, hakuweza kusimamia kitu. Wasichana wakachukua masufuria yako wakayatua juu ya moto makavu, bila jivu. Nikageuza shingo nikamwona Bwana Harusi anaungua, mweusi mbavu zote. Siku yako mwenyewe, Shangazi! Nyumbani kwako!

Nikanyanyuka jamvini. Nikawaambia wateremshe lolote ambalo halijaanza kuchemka. Nikachunga jivu, nikakwangua sabuni, nikapiga magoti. Nyuma yangu nikasikia, "Msaidieni, kapagawa," na mwingine, "Mwanamme mfiwa anapaka masufuria, hii nayo mpya." Nilikuwa nimelipindua sufuria juu ya mapaja, mkono wangu mmoja uko chini yake, unapapasa. Ndipo nikakiona kile kidole chako cha Iddi. Kijani. Na wewe unaingia jikoni kukoroga jivu.

Nikalia pale pale. Watu walidhani nakulilia wewe, na kweli nilikuwa nakulilia wewe. Lakini nilikuwa pia nimepata jibu. Muda wote ule nilikuwa nakwangua baada ya kazi, na mtu aliyenilea alinifundisha kupaka kabla yake. Sijui mpaka leo kama siku ile ulikuwa unanifunza au ulikuwa unapika tu pilau. Ukiniuliza mimi, ulikuwa unapika pilau. Lakini somo nimelichukua.

Usicheke nikikwambia nilichofanya kwanza. Nilikosea kama atakavyokosea kila aliyelelewa na wewe: nilipaka jivu. Nilisafisha deki mpaka kwenye chuma, nikapaka rojo lako lile lile na sabuni yake. Likawa la kijivu, zuri, unalitamani. Nikaenda nalo kiwanja cha skuli, na kabla sijamaliza upande mmoja, jivu limekunywa maji ya majani, limekuwa saruji. Nilitumia nyundo. Nikakaa chini nikafikiri: sufuria lina moto wa kukausha jivu lake; deki halina moto, lina mvua tu.

Nikajaribu mafuta ya nazi. Siku ya kwanza yaliteleza, nikaimba. Siku ya tatu vumbi la udongo wetu mwekundu limenasa, na sisimizi wamehamia na ukoo mzima. Niliwasha mashine wakanitokea kwenye suruali. Bi Saumu aliniona kutoka ukutani kwake nikirukaruka, akadhani nimepata habari njema.

Mwisho ilikuwa nta. Wale jamaa wanaotundika mizinga kwenye mikoko wanauza asali, nta wanaitupa au wanawapa wanaotaka. Nta peke yake ni ngumu, inabanduka. Mafuta peke yake yanakusanya vumbi. Nikachanganya, nikapima, nikaharibu, nikapima tena. Sehemu tatu za nta kwa moja ya mafuta ya nazi. Unaliacha deki juani mpaka mkono haukai juu yake, unapaka ikiwa ya moto, nyembamba, unasugua kwa kipande cha kanga kikuukuu mpaka chuma king'ae. Jani bichi linakuja, linagusa, linakwenda zake.

Huo ndio upakaji. Kusugua nako kupo, usidhani nimeacha. Kila nikimaliza kazi, siku hiyo hiyo, kabla ukoko haujakauka: nachomoa waya wa plagi kwanza, injini isiweze kuwaka, maana visu vile havina masihara na mkono wa mtu, napandisha mashine kwa jeki, natia magogo chini nisiiamini jeki peke yake, kisha nakwangua. Na nakwangua kwa nini? Kwa mwiko wako wa pilau, ule uliovunjika mpini. Chuma kingechubua nta, na panapochubuka ndipo kutu inapoanza. Mti unapita tu. Kisha nafuta, naacha wazi juani mpaka pakauke. Majani nayo siyakati na umande wake, nangoja. Yakiwa marefu nayakata mara mbili, mara ya kwanza kisu kiko juu, sichukui zaidi ya thuluthi ya urefu wake, halafu ndiyo nashuka. Visu nanoa mwenyewe. Butu hakikati, kinachana, na jani lililochanwa linatoa utomvu unaogandia kuliko gundi.

Mwaka jana walinipita. Kiwanja akapewa Kombo na mafyekeo yake, nami nikasali Iddi nimeinamisha kichwa. Mwaka huu nilikwenda kwa Mzee Shaame mwenyewe, siku za mwanzo za Ramadhani. Alinitazama sana. "Faki," akasema, "watu walifua zile kanzu wiki nzima." Nikamwambia, "Mzee, nipe. Nikiharibu safari hii usinipe tena, na jina la Bi Mize usilitaje tena kwenye kazi yangu." Akazungusha tasbihi yake. "Hilo la pili ni zito," akasema. Nikamwambia najua.

Ndivyo nilivyokuweka rehani, Shangazi, bila ya kukuuliza. Nilishachoka na wewe kusemwa kwa ajili ya mabonge yangu.

Juzi mvua ilinyesha mpaka saa tano. Nikangoja. Adhuhuri jua likatoka, nikasali, nikapanda. Kombo na wenzake wameshakaa ukingoni, mafyekeo mapajani, wanangoja wito wao. "Faki," akaita, "umekuja na vitunguu? Mchicha upo!" Nikatia moto mpaka mwisho, kwa sababu injini ikienda polepole upepo wa visu nao unalala, nikaanza.

Imebaki thuluthi moja, mawingu yakafunga. Manyunyu. Sasa ilikuwa nikiondoka kiwanja kina kipara nusu, nikiendelea ni majani mabichi na maji juu yake, hali ile ile ya mwaka juzi, mahali pale pale. Nikainua deki juu kidogo, pini moja, nikachukua nusu ya upana tu kila nikipita, nikaenda taratibu. Nilikuwa nasikiliza. Deki likianza kuziba sauti yake huwa nzito, kama mtu anayesema na chakula mdomoni. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma. Haikubadilika. Majani yalikuwa yanaruka ubavuni kama mchele kwenye ungo.

Nilipozima, Kombo akaja. Alitembea mle nilimopita mwishoni, anageuza majani kwa ncha ya kiatu, anatafuta bonge. Alikwenda mpaka kwenye mnazi akarudi. "Leo hata kitunguu hakifai," akasema. Akanipa mkono, wa kweli. Yule bwana mtu mzuri, nisikudanganye, ana ulimi tu.

Leo asubuhi nilikaa safu ya nyuma makusudi. Sala ilipokwisha na watu wakaanza kugeukiana, niliangalia magoti ya watu kuliko nilivyomsikiliza imamu, Mungu anisamehe. Meupe. Safu kwa safu. Mzee Shaame aliposimama alijipangusa magoti kwa mazoea, akaangalia viganja vyake, akaangalia magoti, akacheka peke yake. Akasema kwa sauti, kwa kuwa na yeye anajua kulipa: "Mnamjua aliyemlea huyu?" Na yule mama wa mwaka juzi alikuwa pale, Shangazi. Alikuwa pale na masikio yake mawili.

Jina lako limerudi mikononi mwangu. Ningeliweza kuishia hapa, lakini kuna kilichotokea baadaye, na hicho ndicho kilichonikalisha na kalamu.

Nilikuwa nimeshaipandisha mashine juzi ile ile jioni, nimekwangua, nimeiacha juu ya magogo ipigwe na hewa. Bi Saumu amekuja leo baada ya sala kuleta sahani ya tambi. Macho yake hayamsaidii siku hizi, mgongo nao umepinda. Alisimama mbele ya mashine akauliza, "Hili ndilo sufuria lako?" Nikamwambia ndiyo, Bi. Akaweka sahani. Akashika gurudumu, akainama polepole na kanga zake mpya, akapenyeza mkono, akapitisha kidole. Kwa kweli nilisimama nangoja kama nina miaka saba. Akakitoa, akakisogeza karibu na macho, akakigeuza huku na huku.

Akaniachia sahani, akaenda zake.

Alikwenda zake vile vile ulivyokuwa ukienda wewe, kama aliyekumbuka kitu kwingine. Nikabaki nimesimama na tambi. Ndipo nikajua kwamba kwenu nyinyi wawili, na pengine kwa kila mwanamke aliyewahi kusimama kwenye mafiga yale, hilo lilikuwa ni neno. Hamkuwa na jingine. Nami nilipata lile neno mara nyingi, Shangazi, mimi mtu wa hesabu, na hata moja sikuihesabu. Nilikuwa najumlisha vidole vyeusi tu.

Kinyongo changu nakiacha hapa barazani. Hata hivyo, ungesema mara moja tu, nisingekataa.

Habari nyingine ni chache. Paa la jiko nimeliezeka. Masufuria yako yote yapo, yamepangwa kama ulivyoyaacha, Bwana Harusi chini. Walikuja watu wa Chake wakitaka kuyachukua yote kwa pamoja, nikawaambia hayauzwi. Yanaazimwa, kwa mwenye harusi na kwa mwenye msiba, kwa sharti moja ambalo sasa Wawi nzima inalijua na inanicheka nalo: mwenye kuazima anapaka jivu mbele yangu kabla sufuria halijatoka mlangoni. Waambie huko kwamba mwari wa masizi hajaolewa lakini ana masufuria.

Nakuahidi haya. Nitapaka kabla, kila mara, awe anatazama mtu au hatazami. Mwiko wako utavunjikia mikononi mwangu, si kwenye jaa. Na hilo jina lako sitaliweka tena rehani, kwa sababu halikuwa langu la kuweka.

Mungu akupe kivuli na maji, na akukutanishe na wote uliowapikia.

Nimepitisha kidole kwenye yote uliyoniachia, Shangazi Mize. Sasa nami nakwenda zangu.

Wako,
Faki